Kilo Mbili za Jumatatu

Kama nimekula kidogo wiki nzima, kilo mbili zimetoka wapi?

Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi. Jumamosi mizani ilikuwa imesema nimepungua. Jumatatu ikasema nimeongezeka kilo mbili. Katikati ya siku hizo kulikuwa na Jumapili moja tu, na Jumapili hiyo nilikuwa kwa Bibi.

Nilianza kutafuta mshukiwa. Viatu nilivua, sweta nilivua, hata simu niliitoa mfukoni. Niliipima mizani yenyewe kwa gunia nililokuwa nimelipima juzi yake, ikasoma vilevile. Kikabaki chakula. Kwa Bibi nilikula ugali wa udaga wa muhogo na wimbi, mboga ya mgagani iliyolala kwenye maziwa, na bakuli la kichuri, ule mchuzi wa mbuzi wenye uchungu wa nyongo ambao Bibi huupika mpaka harufu inafika barabarani. Nilijiambia kwamba mlo mmoja hauwezi kuwa kilo mbili. Halafu nikajiuliza: una uhakika gani, uliupima?

Nina shahada ya uchumi wa kilimo. Wakati nasubiri ajira, nafanya kazi kwenye ghala la mnunuzi wa mazao hapa Susuni. Napima unyevu wa mahindi, nasoma mizani, naandika. Mizani yenyewe ni ya jukwaa, bamba la chuma sakafuni na kioo chenye namba nyekundu. Kila asubuhi, kabla wakulima hawajafika, gunia la kwanza kupanda pale nilikuwa mimi.

Mpakiaji wetu, mwanaume wa makamo asiyeweza kukaa saa nzima bila kumtania mtu, alikuwa amenizoea. Alikuwa akiegemea mlango na kuuliza, akinifananisha na gunia lililojazwa kupita kiasi, "Dada, leo umekuja lumbesa au umefungwa kawaida?" Kama namba ilikuwa imeshuka, nilicheka naye. Kama ilikuwa imepanda, utani uleule ulinichoma, nikamjibu vibaya, na wakulima waliofika asubuhi hiyo wakakutana na mtu aliyekunja uso bila wao kujua kosa lao. Namba nyekundu ndiyo iliyokuwa inapanga siku yangu itakuwaje, saa mbili kasorobo, kabla sijamsalimia mtu.

Sikuanza haya kwa sababu ya urembo. Mama yangu ana presha. Tangu alipoanguka jikoni mwaka juzi, mkono wake wa kushoto haushiki kikombe vizuri. Nilipokwenda mjini Tarime kupima afya kwa ajili ya maombi ya kazi, muuguzi alinipima presha, akapima tena. Kisha akaniambia nipunguze uzito, polepole, bila kukimbizana. Nilisikia neno "nipunguze". "Polepole" ilinipita. Niliporudi nyumbani nikamtazama Mama akihangaika kufunga kifungo cha gauni kwa mkono mmoja, nikaona mkono wangu.

Nilisoma kila kitu kwenye simu. Nilisoma kwamba mwili hushika maji ukila chumvi nyingi, kwamba wanawake huongezeka kidogo siku zao zikikaribia, kwamba ukitembea sana baada ya kukaa muda mrefu misuli huvimba, na kwamba chakula kikiwa bado tumboni nacho kina uzito wake. Niliyaelewa yote. Ningeweza kumfundisha mtu mwingine na akaondoka ametulia. Lakini nikipanda juu ya lile bamba, elimu yote ilibaki pembeni na viatu vyangu. Namba ikishuka niliiamini mara moja. Ikipanda nilihisi imenikamata.

Basi nikaamua kwamba kosa ni Jumapili.

Bibi, mama yake baba, anakaa ng'ambo ya kijito, mwendo mfupi kutoka kwetu. Tangu nikiwa mdogo, tukitoka kanisani mimi hupitia kwake. Jina langu ni lake, na kwa sababu hiyo haniiti mjukuu, ananiita mke mwenza. Babu alishafariki, lakini bado tunamgombania. Bibi husema alimpenda yeye zaidi, mimi humwambia aliniachia ng'ombe mwekundu yeye akaachiwa kiti kibovu. Hivyo ndivyo tunavyosalimiana baada ya shikamoo.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, nilimwomba anipakulie kidogo. Alifikiri ni sehemu ya utani. Akaniuliza kama nimepata mchumba anayetafuta fimbo ya kuchungia, akaongeza tonge juu ya tonge. Nikala, kwa sababu sikujua namna ya kukataa mkono ulioshika mwiko. Jumatatu namba ikapanda. Nikasema moyoni: si nilijua.

Wiki iliyofuata nikafanya jambo ambalo lilionekana la busara kabisa nilipokuwa nalipanga. Nilichemsha kabichi na mayai mawili bila chumvi, nikatia kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko, nikaliweka kwenye mkoba pamoja na Biblia, na baada ya ibada nikaenda kwa Bibi.

Hakuwa peke yake. Mama jirani, ambaye shamba lake linapakana na la Bibi, alikuwa amekuja kusaidia kupukuchua mahindi, na shangazi yangu mmoja alikuwepo. Tuliongea, tukapukuchua. Bibi akaleta maji ya kunawa, akaweka ugali katikati, akaweka mboga. Wenzangu wakanawa. Mimi nikafungua mkoba, nikatoa kontena langu, nikalifungua.

Nakumbuka mlio wa ule mfuniko. Mikono yote ilisimama.

Nilianza kueleza haraka haraka, kuhusu presha, kuhusu muuguzi, kuhusu chumvi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo maelezo yalivyozidi kusikika kama uongo. Mama jirani alitazama kontena, akatazama ugali wa Bibi, akasema kwa Kikurya, kwa sauti ya mtu anayetania lakini macho hayacheki, "Wasomi wa siku hizi wanatembea na chakula chao. Wenyewe wanajua wanachokiogopa."

Shangazi aliangalia chini. Bibi aliinuka. Alichukua sahani iliyokuwa upande wangu, akairudisha jikoni, akarudi akala kwa utaratibu kama mtu anayetafuna karatasi. Nilipoaga, alibaki amekaa. Siku zote hunisindikiza mpaka kwenye kijito, hunishika mkono pale penye mawe ingawa ni yeye anayehitaji kushikwa. Siku hiyo nilivuka peke yangu.

Hapa kwetu mtu hakatai hivihivi chakula cha nyumba anayoingia kila siku. Unaweza kusema umeshiba, ukamega mara moja ukaacha. Lakini kwenda na chakula chako kwa mwanamke mzee anayekaa peke yake, ukakila mbele ya chake, ni kusema kwamba unajua kitu kuhusu mkono wake, kwamba huenda unatia kitu kwenye chungu. Na ukiwa ni damu yake, tena mwenye jina lake, nani atakubishia? Hilo nalijua tangu utotoni. Nilikuwa nimelisahau kwa sababu kichwani mwangu mlikuwa na nafasi ya namba moja tu.

Jumatatu nilipanda kwenye mizani nikiwa angalau na uhakika wa hilo: sikula kwa Bibi.

Ilikuwa imepanda. Kilo mbili, na kitu kidogo juu yake.

Nilikaa kwenye marobota ya magunia matupu nikahesabu siku kwa vidole. Hedhi ilikuwa inakaribia, kama ilivyokuwa imekaribia mwezi uliopita wakati kama huo. Kabichi na mayai hayakuwa na kosa. Ugali wa Bibi nao haukuwa na kosa. Nilikuwa nimemshitaki mtu mbele ya watu, na kesi yenyewe haikuwepo.

Katikati ya wiki Mama alirudi kutoka kwa Bibi akiwa amebeba sufuria kubwa kichwani, mkono mzima ukiishikilia. Aliiweka mezani, akafunua. Ugali ulikuwa mzima, haujamegwa, umeanza kukauka pembeni.

Ilikuwa zamu ya Bibi. Mahindi ya vuli yalikuwa yakiingia ghalani huku ya masika yakihitaji palizi, na wanawake wa upande ule husaidiana: leo wote shamba la huyu, kesho kutwa wote la yule. Mwenye shamba halipi fedha. Anapika. Watu wakitoka shambani wanakula kwake, na kula huko ndiko kunakofunga kazi. Mama aliniambia walikuja, wakapalilia mstari hadi mstari, hawakuacha hata kona. Halafu mmoja akasema ana mtoto anaumwa, mwingine akasema ameitwa kanisani, mwingine aliosha tu jembe akaondoka. Bibi alikuwa ameshapakua.

Niliuliza kama walisema sababu.

"Waseme nini?" Mama alisema. "Wewe si ulishasema."

Nikamwambia nitakwenda kwa kila mmoja nikaeleze. Nitabeba hata karatasi ya hospitali. Mama alitikisa kichwa. Alisema nikienda kueleza watasema Bibi amenituma, na nikienda na karatasi watasema nimeugua baada ya kula kwake. Kisha akaniambia jambo lililoniogopesha zaidi, kwamba palizi ya pili ya shamba la Bibi ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata, kwa sababu mvua ilikuwa imeotesha majani upya. Wakikataa kula tena, zamu inayokuja hawatamweka. Hakuna atakayemfukuza. Atapitwa tu. Na mzee wa umri ule akishapitwa na majirani, maneno mengine huwa yanafuata, ambayo Mama hakuyataja na mimi sikumwuliza. Sote tunajua vizee walioanza hivyo.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kufikiri tu. Niliandika kichwani ujumbe wa kumtumia shangazi, nikaufuta. Nilifikiria kumwomba mchungaji azungumze, nikaona nitakuwa nimelipeleka jambo mpaka madhabahuni. Nilifikiria kwenda kwa Bibi usiku kuomba msamaha, lakini msamaha wa gizani ungenisaidia mimi, si yeye. Na katikati ya yote hayo, hili linaniumiza kulisema, bado kila asubuhi nilivua viatu nikapanda kwenye bamba. Mwili wangu ulikuwa ukishuka na kupanda, kushuka na kupanda, kilo moja huku, nusu kule, wala haukujali ninavyoteseka.

Alhamisi ya wiki ile ya palizi, mzee mmoja alileta mahindi yake na ugomvi. Alikuwa amepima gunia nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza wakati wa kuvuna, na sasa kwetu lilikuwa limepungua. Aliniambia mizani yetu inakula. Alisema kwa sauti ili wenzake wasikie. Nilimsalimia upya, shikamoo baba, nikachoma kipima unyevu ndani ya gunia, nikamwonyesha.

"Mahindi yako yapo yote, baba. Kilichoondoka ni maji. Yangenyeshewa kidogo leo yangeongezeka uzito, bila kuongezeka hata punje moja."

Alilitazama gunia kwa hasira. "Sasa mimi nilikuwa napimia nini nyumbani?"

Wenzake walicheka. Mpakiaji alicheka mpaka akashika mgongo. Mimi nilibaki na kipima unyevu mkononi. Maneno yale niliyasema kila siku msimu mzima, kwa wazee, kwa akina mama, kwa madereva wanaopeleka mzigo Mugumu. Nilikuwa nimeyasema kwa utulivu, bila kugombana, na hakuna mkulima niliyemwacha aamini kwamba shamba lake limemlaghai. Utulivu huo sikuwahi kujipa mimi mwenyewe hata asubuhi moja.

Sitaki kudanganya kwamba nilipona palepale. Ijumaa asubuhi miguu yangu ilikwenda yenyewe kwenye bamba. Nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja. Nilisimama hivyo, mguu mmoja kwenye saruji baridi, nikiwaza: nikipima leo na namba ikawa juu, kesho nitaweza kula kwa Bibi? Na jibu lilikuwa hapana. Nilijifahamu. Ningekwenda, ningemega kidogo kwa woga, na wale wanawake wangeuona woga na kuusoma kwa lugha yao.

Nilivaa kiatu. Nikamwita mpakiaji, nikamwomba alete gunia zima la mahindi aliweke juu ya mizani, na kila jioni tukifunga aliache pale pale, asilitoe mpaka mkulima wa kwanza afike. Gunia la kilo mia mimi siwezi kulisukuma.

Alinitazama. "Kwa hiyo lumbesa imehama?"

"Imehama," nikamwambia. "Nitapimwa zahanati, mara moja kwa mwezi, na muuguzi."

Alilibeba gunia begani akalitua pale juu. Namba nyekundu zikaruka, zikatulia. Hazikuwa zangu. Nikamwomba tajiri, yule mnunuzi mwenye ghala, ruhusa ya Jumamosi, akanipa kwa masharti kwamba Jumapili baada ya ibada nifidie.

Jumamosi nilivuka kijito na jembe la Mama. Sikupitia nyumbani, nilikwenda moja kwa moja shambani. Walikuwa wameshaanza. Niliwaamkia mmoja mmoja, wakaitikia marahaba kwa sauti fupi. Nikaingia kwenye mstari pembeni ya mama jirani. Sijashika jembe vizuri tangu nimalize chuo, na baada ya muda mfupi viganja vilikuwa vinawaka. Yeye aliniacha nyuma, kisha akapunguza mwendo, kisha akaniacha tena. Aliniuliza kama wasomi bado wanaweza kutofautisha jani na mhindi. Nikamwambia nakata vyote viwili, atachagua mwenyewe. Mmoja nyuma yetu akaguna kama anayezuia kicheko. Hakuna zaidi ya hapo.

Bibi alikuwa jikoni. Moshi ulikuwa unapanda, na harufu ya kichuri ilishafika shambani. Hakutoka nje kunisalimia.

Jua lilipokuwa kali, kazi ikaisha. Wakaanza kuosha majembe kwenye karai, na nikaona yaleyale aliyoyasimulia Mama yakianza: mmoja akitafuta kanga yake, mwingine akiangalia barabarani kana kwamba anasubiri mtu. Nilikuwa nimetunga hotuba njia nzima. Niliiacha.

Niliingia jikoni. Bibi alikuwa ameinamia sufuria, mwiko mkononi, na sinia kubwa lilikuwa mbele yake bila kitu. Alikuwa anaogopa kupakua. Sikuwahi kumwona Bibi akiogopa kitu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Hakusema mke mwenza.

"Nipe sinia nilitoe nje."

Aliitazama mikono yangu. "Umekuja na kontena lako?"

"Sikuja nalo."

Akapindua ugali. Nikalibeba sinia zima, ugali bado unafuka, nikaupeleka uani mahali ambapo kila mtu angeuona, nikarudi kuchukua mchuzi na mboga, nikamshika Bibi mkono nikamkalisha kwenye kigoda. Wanawake walikuwa wamesimama na majembe yao. Nilinawa. Sikusubiri mkubwa aanze, nikavunja adabu hiyo kwa makusudi. Nikamega tonge la kwanza, nikachovya kwenye kichuri, nikala. Lilikuwa moto na chungu na lenye chumvi. Nikamega la pili. Niliketi karibu na Bibi kiasi kwamba goti lake lilikuwa linagusa langu.

Hakuna aliyesogea. Nilisikia kuku, nilisikia pikipiki mbali ikipanda kilima. Nilijua kabisa ni nini mizani ingesema Jumatatu kama ningeipanda, na woga ule wa zamani ulikuwa palepale, haukwenda popote, uliketi nasi tukala nao.

Nikamaliza upande wangu wa mchuzi. Nikamgeukia Bibi, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye karai la majembe:

"Mke mwenza, hiki kichuri unampikia nani mwingine? Niongeze."

Bibi akachukua bakuli langu. Nyuma yangu nikasikia jembe likiegemezwa ukutani, na maji yakimiminwa kwenye mikono ya mtu.